Mkono Wenye Muhuri wa Gesti

Shuka likichakaa katikati, Enesi hulipasua kwa urefu, akazikutanisha kingo ambazo bado nzima na kuzishona pamoja. Hapo linalaza wageni mwaka mwingine. Gesti ya Osea, jirani na foleni ya malori ya mpakani Tunduma, haikuwa imenunua shuka jipya kwa muda mrefu.

"Sisi tunatunza mazingira," Osea aliwaambia madereva, na hakuna aliyembishia, maana mashuka yalikuwa meupe pe. Weupe huo ulitokana na dawa ya kung'arishia, na dawa ilikuwa ikila mikono ya Enesi. Aliomba glavu. Osea akamwambia avute subira, zinakuja.

Asubuhi moja, akianika, Enesi alitazama kiganja chake cha kulia akaona malori. Kiganja kilikuwa kimechakaa katikati, na foleni yote ilionekana upande wa pili, hadi lori la mwisho lenye turubai la bluu. Alichukua kipande cha shuka lililokwisha kabisa, akakitia kiganja kiraka kwa mishono midogo midogo. Osea aliugeuzageuza mkono ule, akaridhika.

"Umeona, dada Enesi? Huu bado una miaka."

Jioni, getini, mlinzi Rabson alikagua mkoba wake kama kawaida, kisha kiganja. Kiraka kilikuwa na muhuri: MALI YA GESTI, MARUFUKU KUTOKA NJE.

"Samahani dada, hiki hakitoki."

"Rabson, huu si mkono wangu?"

"Mkono ni wako, sikatai. Kitambaa je?"

Osea alipigiwa simu, akasema utaratibu ni utaratibu. Enesi aliumia, na alimwambia Rabson wazi kwamba ameumia. Rabson akampa pole. Kisha Enesi akarudi stoo, akafumua mkono kwenye kifundo, akaulaza juu ya foronya zilizokunjwa.

Siku hizi huuchukua asubuhi na kuurudisha jioni. Jumapili, nje ya kanisa, huwasalimia wazee akisema, "Samahani kwa kushoto," nao humjibu kwamba si kitu. Mama yake tu, ambaye Enesi alikuwa akimsuka kila Jumamosi, hukaa na kitana mapajani na kuuliza mkono utarudi lini.

Enesi humjibu kwamba uko kazini. Glavu bado zinakuja.