Kuku wa Ijumaa

Nawategea, na anayejua afunge mdomo kwanza. Nyumbani kwetu yuko mtumishi. Kila mtu humkanyaga, na hakuna anayemwita wake. Kutwa yuko njiani lakini hafiki popote, na siku moja tu aliyothubutu kutoka nje, alirudi na askari. Nani huyo?

Mmeshindwa? Msinipe mji bado. Kaeni na miji yenu, msikilize kwanza yaliyompata Arafa huko Doha.

Arafa alikuwa mtu wa Makunduchi. Miaka mitatu alitumika katika nyumba moja ya Waarabu, akapika, akalea, akaijua lugha yao hata akaota kwa Kiarabu. Halafu wale mabosi wakahamia ng'ambo. Hawakumtupa, walimtafutia mwajiri mwingine, mama mmoja mwalimu wa Al Rayyan, na karatasi za kumhamishia kwake zilikuwa zitiwe saini Jumapili. Mwalimu alikuwa na sharti moja tu: mtu mwenye jina safi. Kabla ya hapo ilikuwa Arafa ajihifadhi mahali kwa wiki mbili, asipate doa.

Akahifadhiwa na Proscovia, Mganda mmoja mlinzi, waliyejuana getini kwa wale mabosi. Proscovia alikaa Fereej Bin Mahmoud, katika jumba la zamani lililokatwakatwa kwa mbao nyembamba hata ukipiga chafya chumba cha tatu wanakuombea afya. Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa. Choo kilikuwa nyuma, na mlango wake mwingine ulitokea kichochoroni. Ng'ambo ya kichochoro ulikuwapo ukuta wa uani kwa mwenye bakala, lile duka la pembeni.

Vitanda vya chini walikuwa navyo Kerubo na Terry, Wakenya wawili waliokuja kufanya usafi wa maofisi. Kampuni yao ilifunga milango, bosi akazima simu, na mwezi wa pili ulikuwa unakwisha kwa chai ya rangi na mkate mkavu. Terry alinyamaza tu. Kerubo njaa ilimnoa ulimi.

"Wewe, madam wa Jumapili," alimwambia Arafa kila asubuhi. "Ukifika kwa mwalimu wako utatukumbuka hata na mifupa?"

"Nitawakumbuka, dada."

"Usiniite dada. Hapa si hoteli. Mgeni siku ya tatu tunampa brashi ya choo."

Akapewa. Arafa akasugua choo, akafua mashuka, hata ile kandambili ya kulia ya chooni ilipokatika ukanda, yeye ndiye aliyeketi na sindano akaushona kwa uzi mwekundu. Zilikuwa za bluu, pea moja tu, zimekaa mlangoni mwa choo, aendaye anazivaa, arudiye anaziacha. Nani alizinunua? Aliyezinunua alishasafiri zamani.

Ijumaa ile, saa ya sala, mtaa ulikuwa kimya na bakala imefungwa. Kerubo alitoka kwenda chooni. Akakawia. Aliporudi alikuwa na kuku wawili wa barafu na mfuko wa mchele, mguu mmoja umevaa na mmoja peku, goti limechubuka.

"Nimepewa na mtu," alisema. "Atakayeuliza jina la huyo mtu hatakula."

Hakuuliza mtu. Kerubo, kwa mazoea, aliivua ile kandambili moja akairudisha palepale mlangoni mwa choo, kama mtu aliyefunzwa adabu. Arafa aliiona imekaa peke yake, akajua. Alijua, na akapika. Akaungia na kitunguu, na wali ukanukia hata jirani wakagonga ukuta. Wakala wanne, wakalamba vidole. Tangu afike, Kerubo hakuwa amemwita Arafa kwa jina, siku hiyo alimwita: "Arafa, chukua paja, umepika."

Alasiri mlango uligongwa kwa kiganja. Askari wawili, na nyuma yao mwenye bakala anahema. Aliyekuwa mkubwa alishika mkononi kandambili ya bluu, ya kulia, yenye uzi mwekundu.

"Vitambulisho," alisema kwa Kiarabu. "Nani anajua Kiarabu hapa?"

Wote wakamtazama Arafa, na Arafa akasimama.

"Kuna mtu kapanda ukuta akafungua friza la huyu bwana," askari akasema. "Kaacha hii. Waulize. Ya nani?"

Arafa akawageukia wenzake. "Anauliza hii ya nani."

Terry akatazama dari. Mwenye bakala akanusa hewa, akaonyesha sufuria kwa kidevu.

Askari akaigeuza kandambili, akaupitisha uzi chini ya kidole. "Huyu aliyeshona ana mkono mzuri. Nani anayeshona?"

Arafa alifasiri.

Kerubo hakupoteza muda. "Mwambie ni wewe. Si ni wewe unashona? Mwambie!" Kisha kwa sauti ya chini, kali kama kisu cha kuparia samaki: "Sikia, mgeni. Sisi tumekaa hapa, tuna kesi na kampuni, tukiondoka tumepoteza kila kitu. Wewe wiki mbili tu. Huna cha kupoteza. Sema ni yako, watakuweka siku chache, watakurudisha kwenu ukale pweza."

"Nina Jumapili," Arafa akasema.

"Jumapili ni siku kama siku nyingine."

"Proscovia?" Arafa akamgeukia aliyemleta.

Proscovia alikuwa amekumbatia kofia yake ya ulinzi. "Banange, Arafa, mimi na kazi yangu hii... Sijui. Sijui kitu."

Hapo ndipo Arafa alipoelewa kwamba yuko peke yake. Akaelewa na jambo la pili pia, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza: mle chumbani hakuna anayejua atakachosema. Neno moja tu. Angetamka jina, kwa lugha wasiyoijua, huku akiwatazama usoni, na Kerubo angejua akiwa amekwisha shikwa mkono.

Kerubo naye aliliona hilo. "Mfasirie nilivyosema! Usiongeze chumvi. Nakuangalia mdomo."

"Wanasemaje?" askari akauliza.

Arafa akamgeukia askari. "Wanasema mimi ndiye ninayeshona. Ni kweli. Nimeishona mimi."

"Basi ni yako."

"Ngoja, bwana."

Akaenda nyuma. Akarudi na ya kushoto, imelowa bado, akaiweka sakafuni mbele ya viatu vya askari. Kisha akalileta beseni na kulitua kando yake. Ndani mlikuwa na sahani nne zenye mafuta na mifupa ya kuku wawili.

"Za chooni hizi," akasema kwa Kiarabu, halafu akarudia kwa Kiswahili, apate kusikia kila mtu. "Hazina mwenyewe. Tunazivaa wote. Na kuku tumemla wote, na mimi nimekula."

"Mbwa wewe!" Kerubo akafoka. Terry akafunika uso.

Askari hakucheka, wala hakukasirika. Alihesabu sahani kwa macho, kisha akahesabu watu. "Aliyezivaa leo saa ya sala ni nani?"

Arafa alifasiri.

"Mwulize mara ya mwisho. Wasipojibu, wote wanne garini, na majina yote manne yataandikwa."

Alifasiri na hilo. Proscovia akaanza kulia kwa sauti, kofia mdomoni. Terry akatafuta viatu vyake chini ya kitanda, akavaa kimoja, akakaa. Kerubo hakumwangalia yeyote ila Arafa.

"Umempa jina langu."

"Sijampa."

"Muongo. Mmesemezana sana."

"Wallahi sijampa. Ningetaka, ungekuwa umeshatoka hapa. Mie natafsiri tu, Kerubo. Wewe ndiwe hujasema."

"Unajifanya mtakatifu, na mafuta yako kwenye kidevu."

"Yapo. Nimemwambia yapo. Haya, anangoja. Nimwambie nini?"

Kerubo alitazama beseni, akatazama goti lake. Akasimama, akasogea mpaka pua yake ikakaribia ya Arafa.

"Mwambie ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyezivaa, ukuta nimepanda mwenyewe. Na umwambie neno kwa neno, usinifichie: paja ulikula wewe."