Panya wa Jirani na Kigoda

"Huyu kala nini?" daktari aliuliza. Alikuwa kamshika panya mkononi, na uvimbe wa ubavuni umetuna kama tende.

Albano akatazama chini. Kazi yake pale maabara ilikuwa kulisha panya weupe waliopandikizwa saratani: wa kulia chakula chenye mafuta, wa kushoto chakula kikavu. Kwa wa kulia uvimbe ulikua upesi, kwa wa kushoto ulisuasua. Isipokuwa huyu mmoja wa kushoto, ambaye kizimba chake kilikuwa jirani na kigoda cha Albano.

"Nilimkaribisha, bwana."

"Ulimkaribisha nini?"

"Vitumbua vya mke wangu. Nakula pale kila mchana, naye ananitazama tu. Kwetu Newala mtu hali mbele ya macho ya mwenzake akanyamaza."

Daktari alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Kisha akamgeuza tena yule panya, akamtazama kwa makini.

"Kwa hiyo ni mafuta?" Albano akauliza. Rosalia, mkewe, alikuwa na uvimbe kwenye titi, na Jumatatu angepasuliwa. "Na mtu je, bwana?"

"Mtu sijui. Panya mmoja haniambii kitu, na mtu si panya. Mkeo apasuliwe. Hilo ndilo ninalolijua."

Lilikuwa jibu la haki, lakini halikumshibisha. Njia nzima hadi nyumbani Temeke Albano aliwaza vile vitumbua alivyovisifia miaka yote, vinavyochuruzika mafuta. Vilikuwa vikimlisha nani? Rosalia, au kile kilichomo ndani yake?

Alimkuta ameikalia mbuzi, ameshika kizio cha nazi. Akampokea kile kizio taratibu, akakiweka kando.

"Leo napika mie," akasema, akachemsha mihogo kwa chumvi tupu.

Rosalia alimega kipande, akatafuna kwa shida. "Mikavu hivi, baba Sesilia? Daktari kasema?"

"Kasema hajui."

"Na wewe unajua?"

"Sijui. Nataka tuone tu."

"Ala. Kumbe mie ndiye panya wako wa kushoto."

Alisema huku akicheka, lakini mkono wake ulikwishaingia ndani ya kanga, unapapasa pale pale. Albano aliona haya, tena aliogopa. Mihogo ikawa inapoa mbele yao.

Rosalia akautoa mkono, akaisukuma sahani hadi magotini pa mumewe.

"Karibu," akamwambia, akangoja aanze yeye.