Ukoka wa Chini ya Daraja

Wahandisi walipomaliza kujenga daraja la juu pale Kitengela walikusanya mashine zao wakaenda, na chini ya daraja wakaacha jalala. Kilikuwa kipande kizuri cha ardhi, kipana kama uwanja wa shule, na hakuna aliyekuwa na haja nacho ila mbwa na wale watu wanaojisaidia wakidhani hawaonekani. Ondiek alikipita kila alipokwenda kumchukulia mkewe dawa, na kila mara kilimkera. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha saruji. Mtu aliyezoea kuamka na king'ora, ukimwacha akae bure, lazima atajitafutia shida.

Shida yake ilikuwa na jina, Adero, mkewe. Moyo wake ulikuwa umechoka. Ndivyo alivyosema daktari wa Kajiado, na akaongeza kwamba safari ya kurudi kwao Nyakach ingemmaliza njiani. Basi Adero akabaki katika nyumba yao ya kupanga, miguu imevimba, anatazama ukuta wa jirani kutwa nzima.

"Baba Opiyo," alimwambia mumewe siku moja, "mimi sitaki mambo mengi. Nataka tu nikanyage nyasi tena kabla sijaenda. Hapa hata vumbi liko na kiburi."

Huo ulikuwa mwaka wa 2009, mwaka wa ukame. Kitengela nzima haikuwa na nyasi za kukanyagwa wala za kuliwa. Mwanamume mwenye akili angemwambia mkewe haiwezekani. Ondiek alimwambia, "Nitakutengenezea."

Mugure, aliyekuwa na kibanda cha chai kando ya daraja, alimcheka wiki nzima, kisha akaleta reki. Wakazoa chupa, nepi, matairi na mizoga ya mbwa. Ondiek akaenda Isinya, kwenye mtaro unaotoa maji kwenye mashamba ya maua, akarudi na gunia la ukoka mbichi. Aliupanda chini ya daraja lenyewe, katikati kabisa, kwa kuwa kila kilichopandwa juani kilikuwa kimeungua. Wanawake wa ploti, wapangaji wenzao, walimpa maji yao ya kusuuzia nguo. Alilima kama baba yake alivyolima Nyakach: unautia mche ardhini, unaulinda usife, halafu mvua inamalizia kazi. Huko kwao hakuna aliyewahi kujiuliza mvua itapitia wapi.

Kufikia Agosti ukoka ulikuwa umeshika. Asubuhi jua lilipoingia kwa ubavu, ule ukijani uliwafanya watu wasimame, maana macho yao yalikuwa yamesahau. Watoto wa mtaa walikuja kubingirika hapo mpaka Mugure akawatishia kwa mwiko. Habari zikamfikia Adero.

"Nipeleke," alisema.

"Ngoja kidogo. Bado iko na mabaka. Mvua ikinyesha itajaa yote, nitaweka na benchi. Nataka uone kitu imekamilika."

"Kwani mimi ni mkubwa wa serikali, nakuja kukata utepe? Nipeleke hivyo hivyo."

Ondiek alicheka. Alikuwa mkaidi kwa namna ya watu wema, ambao ndio wabaya zaidi kwa ukaidi, kwa sababu huwezi kuwagombeza. Ngoja mvua, alisema, na mwezi wa Septemba akasema vivyo hivyo.

Mvua ilikuja Oktoba. Watu walisimama nje wakalowa kwa makusudi. Ondiek aliwarudishia wanawake wa ploti ndoo zao na shukrani nyingi, akawaambia Mungu mwenyewe sasa ameshika zamu. Siku hizo hizo Adero akazidiwa. Pumzi ilimpanda na kumshuka vibaya, miguu ikakataa kumbeba hata mpaka mlangoni, na mumewe hakubanduka kando yake. Mvua ilipopiga mabati usiku, alijiliwaza kwa kuwaza jinsi ukoka unavyokunywa.

Adero alipopata nafuu kidogo, Ondiek alikwenda kutazama. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka kingo zote mbili za daraja kama mapazia, na katikati ya mapazia hayo palikuwa pakavu kama ndani ya kabati. Ukoka ulikuwa umekauka ukawa njano. Nje, kwenye udongo ambao hakuna aliyeuhangaikia, majani yalikuwa yameanza kuchomoza. Alilitazama lile daraja juu ya kichwa chake kana kwamba lilikuwa limejengwa asubuhi hiyo. Aibu ilimshika, na hofu, kwa sababu alijua muda aliobaki nao Adero haukuwa wa kupanda upya.

Lakini upande mmoja ulikuwa umesalia utepe wa kijani. Akakimbilia ndoo kwa Mugure.

Aliporudi na maji, ng'ombe walikuwa wameingia. Mwenyewe alikuwa Kakuta, mzee wa Kimaasai aliyeswaga mifugo mwaka mzima akifuata fununu za malisho. Mvua ilikuwa imewakuta mifupa mitupu, na ng'ombe aliyekonda hivyo hauawi tena na jua, anauawa na baridi. Pakavu palikuwa pale tu. Walisimama wakitetemeka juu ya ukoka, na wenye nguvu kidogo walikuwa wakiung'oa.

"Toa ng'ombe! Toa!" Ondiek alipiga kelele.

Kakuta aliinama, akachuma konzi ya ule ukoka, akauinua mbele yake. Ondiek alikuwa ameishi na Wamaasai vya kutosha. Mtu akikuinulia nyasi, anaomba amani, na humgusi.

"Wakitoka wanakufa, mzee," Kakuta alisema. "Sina wengine."

"Na mimi niko na bibi mgonjwa. Hii ni yake."

"Basi sema wewe."

Ondiek aliitazama mvua. Akaitazama ndoo yake. Kisha akaiweka mbele ya ng'ombe aliyekuwa karibu, akasema, "Wacha wakae."

Asubuhi hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama. Baridi iliwafuata humo humo chini ya daraja, na mahali pa ukoka palibaki matope, samadi na mizoga. Mugure alilia, na chai hakupika.

Ondiek alirudi nyumbani akamweleza mkewe yote, hakuficha. Adero akasema, "Nipeleke."

Wakambeba, Ondiek na Mugure, kwenye kiti cha plastiki. Kakuta alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya wafu wake. Alipomwona mama mgonjwa akainuka. "Takwenya, yeyo," alimwamkia kwa Kimaasai, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Iko," Adero akaitikia kwa lugha hiyo hiyo.

Mzee alichomoa mkandani ile konzi ya ukoka, imenyauka sasa, akainama akaitandaza chini ya nyayo za Adero. Adero akavua ndara. Alikanyaga polepole, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Agosti nyasi ilikuwa mingi?" aliuliza.

"Ilikuwa mingi," Ondiek alisema.

"Agosti nilikuwa bado natembea, Baba Opiyo."

Ondiek alibaki ameshika mgongo wa kiti mpaka Adero aliposema anasikia baridi, wakamrudisha nyumbani.