Mgeni Hajakaa

Watu wa Migori mjini walimwita Phanice daktari. Yeye alikuwa afisa wa kliniki tu, na kuwasahihisha alishachoka. Tabia yake moja iliwakera wauza dawa wote waliopita mlangoni pake: ukimwambia dawa fulani inaponya, atakuuliza umejuaje. Ukimjibu, atakuuliza tena.

Basi mwaka ule wa tisini na sita akaja Asiya, mwenye duka la leso na mashuka karibu na stendi, akamwekea karatasi mezani hata salamu hazijaisha. Asiya alikuwa mtu wa Garissa aliyefuata biashara huku, akazoea. Binti yake Idil, wa darasa la tatu, alikuwa na kifafa. Vidonge vya zamani alivyoandikiwa na Phanice vilimshika vizuri, ndivyo kadi yake ilivyosema, ila vilimlaza usingizi darasani mpaka mwalimu akaanza kumwona mzigo. Sasa muuza dawa alikuwa amepita na kapsuli mpya zisizoleta usingizi, pamoja na fotokopi ya utafiti uliofanywa Homa Bay: watoto tisa kwa kila kumi hawakuanguka tena. Asiya alishanunua boksi zima. Jumamosi angemwachisha Idil vidonge na kumwanzishia kapsuli. Alichotaka kwa Phanice ni neno moja tu, ndiyo.

Phanice akaisoma karatasi, akairudia. Hesabu zilikuwa safi. Watoto walikuwa wengi, na hata waliohama katikati ya utafiti walitajwa, jambo ambalo wengi hulimeza kimya. Kwamba wenye dawa ndio walioilipia kazi yenyewe, hilo lilimkunja uso, lakini halikutosha kuiita karatasi uongo. Muuza mchele akiusifu mchele wake, huenda ni mzuri kweli. Kilichomkwamisha ni sentensi moja: kila mama alitembelewa nyumbani akaulizwa hali ya mtoto. Aliulizwa vipi, jamani? Hapo karatasi ilinyamaza.

Na vidonge vya kifafa haviachwi hivi hivi. Mtoto akiachishwa dawa moja, na ya pili ikawa maji matupu, anaweza kuangukia motoni, au mtoni, au asiamke kabisa. Phanice akamwomba Asiya angoje. Asiya akasema atangoja hadi hiyo Jumamosi, basi, akaondoka amekasirika.

Jina la mwisho kwenye karatasi lilikuwa Ondieki, na Ondieki walisoma naye chuo kimoja. Phanice akaomba ruhusa kazini, akaenda Homa Bay.

Ondieki alifurahi kumwona, akamtania kwamba bado ana macho ya karani wa mahakama. Awamu ya pili ya utafiti ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na kama ana shaka, apande pikipiki aone mwenyewe. Maskini, hakuwa na cha kuficha, na Phanice alilikumbuka hilo baadaye kila alipotaka kumlaumu.

Boma la kwanza, Ondieki hakuzima hata injini. Mtoto anaendeleaje? Vizuri. Akaandika, wakaenda. La pili vizuri, la tatu vizuri sana, na asante. Phanice akaanza kuona haya kwamba amepoteza siku ya kazi kwa ubishi wake. Kwani dawa nzuri hazipo duniani?

Boma lililofuata walimkuta mama kijana akimenya njugu mbele ya nyumba. Naye alisema vizuri, kisha akaingia ndani kuleta kiti. Ondieki alikuwa ameshageuza pikipiki. Phanice, kiuno kikimuuma kwa mashimo ya njia, akakikalia kiti kile. Usidhani alikuwa na hila yoyote, alichoka tu. Akavuta ungo, akaanza kumenya naye. Wakazungumza kwa Dholuo, habari za mvua, habari za mama mkwe aliyesafiri. Uji ukaja. Ondieki akazima injini, akaketi juu ya jiwe akitazama saa yake.

Uji ulipofika nusu ya kikombe, yule mama akasema, kwa sauti ile ile ya habari za mvua, kwamba kijana ni mzima, ila Jumapili alianguka tena, na safari hii aliangukia mafiga. Akamwita. Mtoto akatoka nyuma ya nyumba, mkono wa kulia umefungwa kitambaa mpaka kiwiko, akawasalimia kwa wa kushoto huku akiomba radhi.

Ondieki alisimama. Akamuuliza mama kwa Kiswahili kwa nini hakumwambia, ilhali alimuuliza alipofika tu. Mama akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Ulikuwa hujakaa," alisema. "Mgeni hajakaa, nitampaje habari mbaya?"

Husemwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mama huyu hakuficha kitu. Phanice alikifungua kitambaa, moyo ukamuuma kwa alichokiona, akakifunga upya na kumsihi ampeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Ondieki alijitolea kuwabeba. Kabla ya kuwasha pikipiki alizipitia karatasi zake: vizuri, vizuri, vizuri.

"Phanice," alisema, "wale wa awamu ya kwanza nao niliwauliza hivi hivi."

Ijumaa Phanice alipita dukani kwa Asiya. Boksi la kapsuli lilikuwa juu ya kaunta. Asiya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama basi kapsuli ni mbaya. Phanice akasema hajui. Pengine ni nzuri, pengine ni bure, na walioandika tisa kwa kumi nao hawajui. Asiya akamwambia wasomi kazi yao ni kukataza tu.

Phanice alitaka kujibu, akajiona alivyosimama. Mkoba begani, mkono kwenye kaunta. Hapo hapo ndipo alipokuwa akisimama siku zote akipita kutoka kazini. Idil anaendeleaje? Alhamdulillah, salama. Kisha kesho yake huandika kwenye kadi: vidonge vinamshika vizuri.

Akautua mkoba, akazunguka kaunta, akaketi juu ya robota la mashuka. Hakuuliza kitu. Asiya alimwangalia, akamalizana na mteja wa leso, akaagiza chai ya tangawizi. Ikaja. Wakanywa, wakasema habari za vumbi na za nduguze Asiya wa Garissa.

"Alhamdulillah, Idil hajambo," Asiya alisema mwishowe, akitazama kikombe chake. "Lakini kidonge cha asubuhi sijampa tangu shule zifunguliwe, asilale darasani. Anaanguka, daktari. Jana ameanguka mara mbili."

Cha asubuhi kingeweza kuhamishiwa usiku. Lilikuwa jambo la kusema tu, muhula mzima uliopita, kama mtu angekaa.

"Nieleze yote," alisema Phanice. "Sina haraka."

Asiya akalisukuma pembeni boksi la kapsuli, mgeni apate pa kuweka kikombe, akaanza kumweleza.