Kiti cha Mbele cha Mzee Mayaka

"Twende tukaone nyumba ya mizimu," Bogonko alikuwa amewaambia watoto, na mkewe Orpah, mjinga wa watu, akachemsha mayai na kufunga chapati akidhani ni matembezi. Matembezi gani! Walipofika Rongo ndipo alipomwona mama mkwe wake, Nyakerario, akiwangoja kituoni, amekumbatia koti kuukuu la mwanamume, akajua amechezwa.

"Baba Elvis, hilo koti ni la nani?"

Bogonko akakazana kutazama barabara. Ndivyo alivyo huyo mwanamume, funika kombe mwanaharamu apite. Ikabidi mama mwenyewe aseme. Koti lilikuwa la marehemu mumewe, Mayaka, aliyekuwa kibarua wa kufyeka vichaka bondeni Lambwe, enzi za kupigana na mbung'o. Malale yakamuua huko huko, akazikwa haraka haraka nyuma ya nyumba ya Mzungu wa kambi. Mvua ilikuwa kubwa, gari hakuna, na Bogonko alikuwa bado tumboni.

"Sasa nimezeeka," alisema Nyakerario. "Naenda kumchukua. Sitalala kaburini peke yangu pale Migori kama mwanamke ambaye hakuolewa."

Orpah aliomba Mungu ampe subira. Yeye ndiye mwalimu wa Sabato wa akina mama. Ni jana tu, mbele ya Monari, mzee wa kanisa, amefundisha kwamba aliyekufa amelala, hasikii wala haoni. Leo anabebeshwa mayai ya kwenda kumwita marehemu!

Nyumba yenyewe, ile ya Mzungu, ilikuwa gofu. Mabati yameliwa na kutu, popo darini, kinyesi cha mbuzi sebuleni. Javan, mlinzi wake, aliwapokea kwa hadithi huku akichokonoa meno: kila jioni kuna mtu hukohoa nje ya mlango wa jikoni, anabisha, ukifungua humwoni. Elvis akatoa simu apige video. Mapacha wakaanza kulia, mmoja akitaka choo, mwingine akitaka kwao.

"Si mlitaka mizimu?" Orpah akafoka. "Haya, ndiyo hiyo, tulieni!"

"Huyo si mzimu," Nyakerario akamwambia Javan. "Huyo ni mtu anayeomba kwenda kwao, na nyinyi mnamfungia mlango."

Makaburini, Mzungu alikuwa na jiwe la maana. Vibarua walikuwa na nyasi tu, tuta hapa, tuta pale, bila jina hata moja. Bogonko akaonyesha huku, akabadilisha, akaonyesha kule.

"Yaani mmenitoa Migori na kaburi hamlijui!" Orpah akang'aka.

Nyakerario alivua viatu, akapita kwenye matuta akiita kwa Kikisii, "Mayaka, ni mimi. Inuka twende," mpaka sauti ikamkauka. Kisha akachota udongo, akaufunga ndani ya koti. Kwa desturi yao, mwili usipopatikana, udongo hutosha, mradi marehemu aitwe na akubali kufuata.

Na akishakubali, ana masharti kuliko bibi arusi! Kiti cha mbele kikawa chake. "Asikikalie mtu, asimsogeze mtu," alionya Nyakerario. "Akisukumwa atashuka njiani, na mimi sina nguvu za kurudi tena." Bogonko akalifunga koti mkanda kwa adabu zote. Waliobaki wakabanana nyuma. Kiwiko cha Elvis kikaingia mbavuni mwa Orpah, na pacha mmoja akamtapikia chapati mapajani.

"Ukistaajabu ya Musa!" alinung'unika Orpah. "Udongo umekaa kifalme, sisi tumeshindiliwa kama omena."

Nyakerario alikuwa ameinama mbele, anamwonyesha mumewe njia. "Hii lami hukuikuta. Huyu anayeendesha ni mtoto wako, uliyemwacha tumboni. Ona, masikio ni yako. Hawa nyuma ni wajukuu." Orpah akangoja jina lake. Wapi! Alipikia msafara mzima, na hata kwa wafu hatajwi.

Akafungua mdomo alalamike, akamwona Bogonko anajipangusa macho kwa mkono wa shati. Tangu waoane hajawahi kumwona akilia. Akaufunga mdomo.

Walipofika Rodi Kopany, nani huyo kasimama kando ya barabara anawapungia Biblia? Mzee Monari. Na Bogonko, asiyejua kumpita mtu njiani, akasimamisha gari.

"Bwana asifiwe! Nafasi naiona," alisema Monari akifungua mlango wa mbele. "Hilo furushi lipelekeni tu nyuma."

Bogonko akamtazama mamake, akamtazama mzee wa kanisa, akacheka kile kicheko chake cha woga, na mkono ukaenda kwenye mkanda. Nyakerario alimshika Orpah kiganja, akaking'ang'ania.

"Bogonko, toa mkono hapo!" Orpah alipaza sauti mpaka wauza ndizi wakageuka.

"Dada Orpah, kuna nini?"

Orpah akaliona darasa lake la Sabato linakwenda zake. "Utusamehe, mzee. Hicho kiti kina mtu. Ni baba mkwe wangu, tunampeleka nyumbani."

Monari akalitazama koti, akautazama mkanda, akaurudisha mlango polepole.

Gari lilipoondoka, Nyakerario aliinama tena mbele.

"Na huyu mwenye kelele, Mayaka, anaitwa Orpah. Ni mkaza mwana wetu."