Leva Haitoki

Mtu asinidanganye: lori halina huruma. Halijui wewe ni mwanamke, halijui unaumwa, halijui jana ulizika. Ukikosa gia mlimani linarudi nyuma na wewe ndani yake. Ndiyo maana kiwiko changu kilipoanza kunikatalia, sikwenda kulialia kwa mtu. Nilikwenda kwa shemeji.

Kiwiko chenyewe kilivunjwa na mkanda wa kufungia mzigo. Ulikatika nikiukaza, na chuma cha mwisho wake kikaja kunitwanga mkono ule ule wa kushikia gia. Madaktari waliunga walivyoweza, lakini mkono ukapona umekunjika, na haunyooki tena hata uutishie bunduki. Gia za kuvuta leva nyuma nilizifikia vizuri. Ya tatu na ya tano, ambazo lazima uisukume mbele mpaka karibu na dashibodi, hizo nilikuwa naziona kwa macho tu.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi wa kuchomelea. Alipanda akakaa kiti cha pembeni, chaki mkononi, akanitazama nikihangaika.

"Shemeji, si hii leva uliyokuwa unaisifia kuliko kaka yangu? Leo imekutaliki?"

"Chapa kazi, acha mdomo."

Leva ya kiwandani hakuikata. Aliifungua akaiweka kando. Akatafuta nyingine kwenye lori bovu, akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, akaipinda kuja upande wangu. Tukaijaribu, ikagonga kiti. Akaipinda upya, ikanigonga paja, nikamtukana, akacheka. Mara ya tatu ikakaa. Juu yake akafunga kichwa kipana cha mbao ngumu, alichokichonga kwa kufuata kiganja changu, ili nisukume kwa kiganja bila kunyoosha mkono. Nikaingiza ya tatu. Nikaingiza ya tano. Jamani, nilipiga kelele mpaka majirani wa gereji wakatoka nje.

Miezi minane niliendesha hivyo, na gia hata moja sikukosa. Kisha akaja meneja mpya wa yadi.

Asubuhi moja alitukusanya madereva wote saba nje ya ofisi yake, mbele ya ubao wanaotundikia funguo. Alikuwa amechungulia dirishani kwenye lori langu, akaona leva iliyopinda, na sasa alikuwa na karatasi mkononi. Akaisoma kwa sauti ya kanisani: lori lolote la yadi hii, dereva yeyote lazima aweze kupanda na kuondoka nalo. Kwa hiyo leva yangu itolewe leo leo. Kama ya kiwandani siiwezi, nikakae getini niandike magari yanayoingia na yanayotoka.

Getini! Miaka kumi na tisa barabarani, halafu nikakae kwenye kibanda niandike namba za wenzangu wakienda kazini. Damu ilinichemka hadi masikio yakawa yanavuma.

"Kuna mwingine aliyechezea lori lake?" meneja akauliza.

Dereva mwenzangu Bonge akawa anasoma viatu vyake. Kifupi akakohoa. Wanafiki wakubwa! Bonge kiti chake alikisukuma nyuma kabisa akakikaza kwa boliti, tumbo lipate pa kukaa. Kifupi alifunga magogo ya mbao kwenye pedeli zote tatu, kila mtu anajua. Lakini aliyenikata maini ni Kocha, mzee aliyenifundisha kazi hii toka sijui klachi ni nini. Yeye nilijua hana la kuficha. Angefungua mdomo wake, angesikilizwa. Akageuza uso akatazama ukuta.

"Haya," nikasema. "Dereva yeyote, lori lolote. Tuanze sasa hivi."

Kabla hawajajua naelekea wapi, nilishazoa funguo zote kwenye ubao. Wa Kifupi nikampa Bonge, wa Bonge nikampa Kifupi. Wa Kocha nikampa Twiga, yule dereva wetu mrefu, na wa Twiga nikamsukumia Kocha kifuani bila kumtazama. Wawili waliobaki nikawabadilishia. Wa kwangu nikabaki nao mkononi.

"Mama, tulia," meneja akasema.

"Nimetulia. Si amri yako hiyo? Wapande waondoke."

Akafikiri kidogo, akatabasamu. Nadhani aliona najichimbia kaburi mwenyewe. "Haya pandeni," akawaambia. "Mwonyesheni huyu mama."

Bonge alijikunja, akajisukuma, akaingia nusu. Usukani ukamkaba tumbo na honi ikaanza kulia yenyewe, piiii, haikomi. Upande wa pili Kifupi alizama kwenye kiti cha Bonge tukabaki kuona kofia. Alipotaka kukanyaga klachi, kofia nayo ikapotea. Yadi nzima ikavunjika mbavu. Nilicheka mimi kuliko wote, kicheko kibaya cha kumkomoa mtu.

Kisha nikasikia Twiga akiita kutoka kwenye lori la Kocha. "Kocha! Hiki chuma kwenye klachi ni cha nini? Kimeichomoza hadi kwenye goti langu!"

Nikageuka. Kocha alikuwa bado chini, kando ya lori la Twiga, ameshika mlango. Hakuwa amepanda hata ngazi moja.

"Goti langu halikunjiki," akasema. Honi ya Bonge ilikuwa imenyamaza, tukamsikia wote. "Mwaka wa nne huu. Niliisogeza klachi ili niikanyage mguu ukiwa umenyooka."

Kicheko kilinikauka. Mzee wa watu alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mimi, kwa hasira zangu, nimemvua nguo mbele ya watu.

"Kocha, sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Ungejuaje? Huwa nafika kabla yenu nyote, naondoka wa mwisho, mtu asinione nikipanda." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Uliposomewa ile karatasi, mwanangu, nilishukuru kwamba si mimi. Hiyo ndiyo inayonitia aibu. Goti ni goti tu."

"Basi tumepata wawili wa getini," meneja akasema.

Hapo sasa. Nilimwendea hadi nikasikia harufu ya sabuni yake, nikamwekea ufunguo wangu kiganjani. "Bado wewe. Si ulituambia uliendesha miaka kumi? Lori lolote, bosi."

Watu wote walikuwa wanamtazama, angefanyaje? Akapanda. Akawasha, akatafuta ya kwanza, kiwiko kikagonga mgongo wa kiti. Akalazimisha, gia ikasaga kwa kelele ya kutia kinyaa. Akajaribu tena, akajigonga mfupa pale pale. Akateremka anajisugua, uso umemwiva.

"Hii haiendesheki! Hii ni kumtesa mtu!"

"Ndivyo ya kwako inavyonitesa mimi," nikamwambia. "Wewe umekaa dakika moja tu, tayari unalia."

Simu ilikuwa inaita ofisini, na malori saba yaliyopakiwa tayari yalikuwa yamesimama.

"Rudishianeni funguo," akasema. "Wateja wanasubiri."

Bonge akakaa kitako kwenye ngazi ya lori la Kifupi, akautumbukiza ufunguo mfukoni. Twiga akafunga mlango akiwa ndani. Kifupi, ambaye kwa kawaida anaogopa hata mlinzi, akakunja mikono.

"Leva ibaki kwanza," Kocha akasema.

"Mnanitisha?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Simu ikakata, ikaanza tena. Meneja akaikunja karatasi yake mara mbili, mara nne. "Ibaki."

"Hatujasikia!" Bonge akapaza sauti.

"Leva ibaki!"

"Na klachi ya Kocha?" nikauliza. "Sema. Sitoki hapa."

Akamtazama mzee, akanitazama mimi. "Na klachi," akasema, akaingia ofisini.

Funguo zikarudi kwa wenyewe, na injini zikaanza kuunguruma moja moja. Nilipanda langu, nikawasha, lakini sikuondoka. Kocha alikuwa anapanda. Alishika mlango kwa mkono mmoja, akajivuta, akasimama kwenye ngazi ya kwanza anahema. Kisha akainama, akaushika mguu wake kwa mkono, akaunyanyua na kuuingiza ndani, polepole, mchana kweupe, mbele yetu sote. Hakuna aliyegeuza uso, na hakuna aliyepiga honi kumharakisha.