Wa Tatu Kutoka Kushoto

Saa tatu na dakika kumi asubuhi skrini ya kompyuta iliwaka na kuandika "Karibu". Kabla ya siku hiyo haikuwahi kumkaribisha mtu.

Duka lilikuwa la kuchapa na kurudufu: chumba kimoja, meza mbili, mashine ya kurudufu ambayo mlango wake ulishikiliwa na gundi ya karatasi, na benchi la wateja. Mwenye duka aliitwa Mchapaji, na jina hilo lilimfuata hadi nyumbani. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka kumi na mitatu alitumia mfumo uleule wa kompyuta, wa Kiingereza, na hakuwa akisoma maneno yake. Alijua kila kitu kwa mahali kilipo, kama mtu anavyoijua swichi ya taa chumbani mwake. Jana yake mdogo wa mume wake, fundi wa kompyuta, aliuondoa mfumo huo kwa sababu ulikuwa umejaa virusi, akaweka mwingine. Aliuweka kwa Kiswahili. Aliona anamfanyia shemeji yake hisani.

Kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa moja. Chuo cha wakunga alichosoma mama yake Mchapaji kilikuwa kimeunganishwa na kingine, na juu ya tovuti yake ya zamani palikuwa na tangazo jekundu: tovuti itafungwa leo saa sita mchana, picha za zamani hazitahamishwa. Miongoni mwa picha hizo kulikuwa na moja ya darasa la mama. Aliyeligundua jina lake ni mteja mmoja, mkunga, ambaye alikuja kusema jioni iliyotangulia, wakati kompyuta ilikuwa mapande mapande mezani.

Mama alifariki Mchapaji akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Picha zake zilikuwa tatu, kwenye sanduku la baba, na mchwa walizila pamoja na sanduku. Kati ya waliowahi kuuona uso huo, aliyebaki hai na kuukumbuka alikuwa mmoja: Shangazi, dada wa baba, mwenye miaka sabini na minne. Alikuwa ameahidi kufika saa tano.

Saa tatu na nusu ukurasa ulifunguka. Picha ilikuwa kwenye kisanduku cha mraba: wanawake wenye sare nyeupe wamesimama mbele ya jengo, na mbele yao walimu wamekaa. Chini yake yalifuata majina. "Waliosimama, kutoka kushoto." La tatu lilikuwa la mama.

Mchapaji alibonyeza kitufe ambacho kwenye mfumo wa zamani kilipiga picha ya skrini. Hakuna kilichotokea. Alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Hata ukikipiga ngumi, shemeji," alisema fundi, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi na chai yake. Alikuja makusudi, maana alijua ataitwa. "Bofya kulia juu ya picha."

Alibofya. Orodha ikashuka. Akaisoma neno kwa neno, kama barua ya mahakama. "Hifadhi picha." Akahifadhi. Kisha akafungua folda ya picha, akakuta tupu.

"Shemeji, nimehifadhi, haipo."

"Angalia kwenye Vipakuliwa."

"Vipakuliwa? Kwani mimi nimepakua chakula?"

"Vitu ulivyovitoa kwenye mtandao vinaenda huko."

"Mimi sikupakua. Nimehifadhi. Mtu akihifadhi ubwabwa haendi kuutafuta kwenye sahani."

"Si ndiyo lugha yako hiyo? Kiingereza ulikuwa unakilalamikia."

"Kiingereza nilikuwa sikisomi. Ndiyo maana tulielewana."

Ilikuwa kwenye Vipakuliwa. Saa nne kasorobo aliifungua kwenye programu ya kuhariri, ambayo nayo ilikuwa mpya. Alitafuta alama ya mkasi. Haikuwepo. Palikuwa na neno "Punguza".

"Sitaki kumpunguza," alisema. "Nataka kumkata abaki peke yake."

"Ndiyo hiyohiyo. Punguza maana yake ondoa pembeni."

"Basi wangesema ondoa pembeni."

Alihesabu kutoka kushoto, akaweka fremu juu ya mwanamke wa tatu, akapunguza. Programu ikamwuliza kama ahifadhi, akakubali. Programu ya zamani ilikuwa na kawaida ya kutengeneza nakala na kuiacha ya asili kama ilivyo. Hii mpya haikuwa na kawaida hiyo. Saa nne na dakika ishirini, faili la picha ya darasa lilikuwa limekwisha na mahali pake pamebaki mtu mmoja. Mchapaji hakujua, na kwa saa nzima iliyofuata hakuwa na sababu ya kujua.

Alikuza uso mpaka ukajaa skrini. Ulikuwa wa mwanamke mwenye paji pana, aliyekunja macho kidogo.

"Paji hili," alisema.

Shemeji alisogea akiwa na kikombe mkononi.

"Na pua," alisema Mchapaji. "Angalia pua. Pua ni yangu."

"Mmefanana kama shilingi kwa ya pili. Hata kukasirika kwenyewe."

"Hajakasirika. Ameangalia jua."

Alichukua kioo kidogo ambacho wateja wa picha za pasipoti hujitazamia kabla ya kupigwa, akakishika kando ya skrini. Alitazama huku, akatazama huku. Mteja mmoja aliingia na barua ya kurudufu, akarudufiwa, akaondoka. Mchapaji alirudi kwenye kioo. Alisema nyusi pia. Kisha akasema masikio, ingawa sikio moja lilikuwa limefunikwa na kofia.

Uso wote kwenye faili hilo ulikuwa na upana wa nukta ishirini na mbili tu kati ya zile zinazounda picha. Pua ilikuwa nukta nne.

Saa tano na dakika tano Shangazi alisimama mlangoni.

"Hodi! Mmenyamaza kama mnaiba."

"Karibu, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe kiti, benchi lako hili lina roho mbaya. Na wewe fundi, hujaoa tu?"

"Nimeoa, Shangazi. Ulikula harusini."

"Nilikula nini?"

"Kila kitu."

"Basi ilikuwa harusi nzuri." Alitoa miwani kwenye kitambaa, akaifuta, akaivaa, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Alitazama kwa muda mrefu. "Huyu nani?"

"Mama."

"Mama wa nani?"

"Mama yangu, Shangazi. Wifi yako."

"Wifi yangu mimi? Huyu simjui hata kwa dawa."

Mchapaji alikiweka kioo mezani, kifudifudi.

"Ni zamani, Shangazi," alisema Shemeji. "Na picha imekuzwa sana, imevurugika."

"Nasahau nilipoweka miwani, sisahau wifi yangu. Kaka akisafiri nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, ananipiga mateke usiku kucha huku anaota. Huyu hapigi mtu mateke. Huyu anakutumia barua."

"Lakini maelezo yanasema wa tatu kutoka kushoto."

"Basi maelezo yakamlee."

Mchapaji hakubishana. Alirudi kwenye ukurasa wa chuo, ambao ulikuwa bado wazi, na kwa ncha ya kalamu akahesabu majina ya waliosimama. Yalikuwa tisa. Aliyahesabu tena, yakabaki tisa. Kisha akahesabu vichwa. Vilikuwa saba.

"Shemeji. Saba."

"Saba nini?"

"Vichwa. Majina ni tisa."

Shemeji alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Akaweka kikombe chini. "Tovuti imekata pembeni," alisema. "Picha ya asili ni pana. Wameibana iingie kwenye kisanduku cha mraba."

"Imekata upande gani?"

"Hapo siwezi kuapa. Labda huku mmoja na huku mmoja. Labda wawili upande mmoja."

"Kumbe na mtandao nao unakata watu," alisema Shangazi. "Haya, nioneshe hao saba nikuchagulie."

"Hapana, Shangazi."

"Hapana nini? Si ndicho nilichokuja kufanya?"

"Nyuso ni ndogo. Ukichagua hapa utakuwa unakisia, na nitakuamini. Mimi nimeshakisia mara moja leo."

Shangazi alimtazama juu ya miwani.

Mchapaji alifungua faili lake kutafuta kama picha ya darasa ilikuwa bado ndani yake. Ndipo alipojua kwamba haikuwemo. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na mbili. Kilichobaki kilikuwa ukurasa wenyewe, na ukurasa ulikuwa na dakika thelathini na nane.

Alibofya picha. Haikukua. Alibofya kulia, akaisoma orodha yote tena, safari hii bila maneno. Akachagua kuifungua kwenye kichupo kipya. Picha ikaja peke yake kwenye ukurasa mweupe, ndogo kama ilivyokuwa, vichwa saba.

"Tazama anwani yake juu," alisema Shemeji. "Mwishoni. Unaona mia tatu kwa mia tatu? Hicho ndicho kipimo cha kisanduku. Futa hizo namba na kistari kinachozitangulia. Nukta na herufi za mwisho ziache."

"Nikifuta na kilichopo kikapotea?"

"Kilichopo hukihitaji."

Alifuta herufi moja moja, akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kilizunguka tangu saa tano na dakika thelathini na moja mpaka arobaini. Kisha skrini ikaandika kwamba muunganisho umeshindikana.

Mtu aliingia na bahasha. "Dada, nina cheti cha kurudufu, dakika moja tu."

"Saa sita na nusu, kaka."

"Mashine si hiyo hapo?"

"Mashine ipo. Mimi sipo."

Mtu alimtazama, akamtazama Shangazi, akatoka. Shemeji alikuwa ameshawasha mtandao wa simu yake na kuuunganisha na kompyuta. Mchapaji alibonyeza tena. Saa tano na dakika arobaini na tano picha ilianza kushuka kutoka juu, ukanda kwa ukanda: kwanza paa la jengo, kisha mstari wa madirisha, kisha kofia nyeupe. Kofia zilikuwa tisa. Hapo ikasimama.

"Bado nyuso," alisema Shangazi.

"Zinakuja."

"Na saa?"

"Arobaini na saba."

Saa tano na dakika arobaini na nane ukanda uliofuata ulishuka, na mwingine, na picha yote ikawa wazi. Upana wake ulikuwa nukta elfu moja na mia sita. Mchapaji aliihifadhi kwanza, kabla ya kuitazama. Aliipa jina "asili" na kwenda kuhakikisha kwamba ipo kwenye Vipakuliwa. Ilikuwepo. Akainakili kwenye diski ndogo ya mfukoni, akaichomoa diski hiyo na kuishika kiganjani.

Kisha alimsogeza Shangazi na kiti chake mbele ya skrini. Majina hayakuwemo kwenye ukurasa huo. Alimwambia Shemeji anyamaze.

"Sitasema kitu," alimwambia Shangazi. "Nioneshe."

Kidole cha Shangazi kilianzia kulia. Kilipita juu ya watu wanne bila kusimama, kikakaa kidogo juu ya wa katikati, kikaendelea. Kikasimama.

"Huyu hapa. Tazama, anaongea. Wenzake wanapigwa picha, yeye anaongea."

Mdomo wa mwanamke huyo ulikuwa wazi nusu, na kichwa kimeinama kidogo upande wa mwenzake wa kushoto. Mchapaji alihesabu kutoka kushoto: wa tatu. Alihesabu kutoka kulia: wa saba. Tisa zilitimia. Wa nne, aliyekuwa amemwekea mama mkono begani, alikuwa yule mwenye paji pana.

"Una hakika, Shangazi?"

"Kama nilivyo na hakika nimekaa."

"Alikuwa anasema nini?"

"Nitajuaje, mwanangu? Alikuwa anasema tu. Huyo ukimfunga mdomo angeongea kwa magoti."

Mchapaji aliutazama uso huo kwa muda ambao Shemeji baadaye alikadiria kuwa dakika moja. Hakuchukua kioo.

Saa tano na dakika hamsini na tatu alitengeneza nakala ya picha, akaipa jina la mama, akaifungua. Alichagua "Punguza". Fremu aliiweka kwa namna ambayo kofia yote ilibaki, na mabega yote mawili, na nafasi kidogo juu.

"Na mkono huo wa mtu mwingine?" aliuliza Shangazi. "Si uutoe?"

"Hautoki bila kutoka na bega."

"Basi uache. Haumdhuru."

Alichagua "Hifadhi kama". Alisoma swali la programu mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Saa sita na dakika mbili Shemeji alifungua upya ukurasa wa chuo. Uliandika kwamba anwani hiyo haipatikani. Akaujaribu kwenye simu yake. Ulisema vilevile.

Saa sita na dakika sita Mchapaji alichapa. Nakala ya kwanza ilitoka na mstari mweupe uliopita shavuni, kwa sababu ya wino. Alisafisha kichwa cha printa, akachapa tena. Ya pili ilitoka nzima. Alimpa Shangazi hiyo ya pili. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akanyoosha mkono mezani, akachukua na ya kwanza.